Kilima cha Mdogo Wangu Kilipoondoka

Mdogo wangu anaishi kwenye mji ambao watu wanapanda ndege tatu ili wakaangalie barafu. Si kuinywa, si kuiuza, wala si kuhifadhia samaki. Kuiangalia tu! Wanafika, wanavaa makoti mekundu ya kuazima, wanapandishwa boti, wanasimama mbele ya barafu kubwa kuliko kanisa, wanasema "aaah", wanapiga picha, wanarudi hotelini kula. Hapo kwenye kula ndipo mdogo wangu anapoingia, maana yeye ni mpishi wa chakula cha asubuhi. Mji wenyewe unaitwa Ilulissat, uko Greenland, juu kabisa ya ramani, pale ambapo mchoraji alishachoka akaacha peupe.

Akinipigia simu ananieleza mambo ambayo mwanzoni nilidhani ananitania. Eti kiangazi jua halizami, linazunguka tu juu ya vichwa vyao kama mgeni asiyejua kuaga. Eti mti hakuna hata mmoja. Eti mbwa wa kuvuta magari ya thelujini wamefungwa minyororo pembezoni mwa mji, na ikifika saa ya chakula wanalia wote kwa pamoja, na watalii wanatoa simu wanawarekodi. Kuna mtalii mmoja alimwuliza ile barafu kubwa itaanguka saa ngapi, kwa sababu alikuwa na ndege ya jioni. Siku hiyo nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Gitega karibu na soko, na simu za mdogo wangu nazipokea mguu ukiwa kwenye pedali.

Huyu mdogo nimemlea mwenyewe. Mama alitutoka tukiwa bado kambini Tanzania, na tuliporudi Burundi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye saba, na tulichokuwa nacho ni kipande cha shamba la mama huko Itaba na mdomo wangu. Nilimsomesha kwa cherehani. Akapata nafasi ya kwenda Denmark kusomea mambo ya hoteli, huko akaambiwa kuna kazi ya kiangazi kimoja mahali fulani penye baridi, akaenda. Kiangazi kimoja kikawa vitatu. Kila nikimwuliza unarudi lini ananiambia, "Tutaona, dada." Na mimi neno hilo silipendi hata kidogo. Tutaona ndilo nililokuwa namwambia yeye alipokuwa mdogo na anataka viatu.

Basi alipopata mchumba, nakwambia nilifurahi kuliko yeye. Binti alikuwa anasomea uuguzi hapa Gitega, akaja kwangu kushonesha makoti meupe mawili, na mdogo wangu alikuwa likizo, amekaa pale kibandani anakula karanga zangu. Makoti mawili yule binti aliyafuata mara nne. Mara leo kifungo, kesho mfuko, kesho kutwa eti mkono wa kushoto ni mrefu. Nikaupunguza mkono usiokuwa na kosa lolote. Moyoni nilikuwa nimeshapanga yote: mtu akioa Burundi, anarudi Burundi. Atajenga Itaba, nitakuwa shangazi, basi.

Binti alipomaliza masomo akapata kazi kituo cha afya Muyinga, mkoa wa kwao. Mdogo wangu akawa hasemi kingine. "Dada, wakinikataa mimi sijui nitafanyaje. Huku giza likiingia ni wiki nzima nzima bila jua, na sina mtu." Alisema hivyo bila kucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. Binti naye alikuwa ameshaanza mazoezi. Akikosa wagonjwa anafungua friji ya chanjo, anaingiza mkono, anahesabu mpaka mia. "Najizoesha, dada," ananiambia. Nikamwambia we mtoto utaharibu chanjo za watu, utoe huo mkono!

Shida ilikuwa baba yake.

Kwao ni Butihinda, karibu na mpaka. Mzee yule naye ni mtu wa kurudi, kama sisi. Aliporudi kutoka Tanzania alikuta shamba la baba yake lina watu, wamejenga, wamepanda kahawa, wamezikana pale. Alizunguka maofisini miaka. Akahamishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akapewa nusu, akazungushia ua wa minyaa, na kila asubuhi anaizunguka ile minyaa kuhakikisha haijatembea. Kwetu Burundi ukikutana na mtu unamwuliza wa kilima gani, kwa sababu kilima ndiyo anwani, ndiyo ndugu, ndipo utakapozikwa. Wengine wanauliza kwa adabu tu. Yule mzee alikuwa anauliza kwa dhati, na vijana wawili waliomposa binti yake kabla walishindwa kwenye swali hilo hilo, mmoja alikuwa amepanga chumba mjini na mwingine shamba lake lilikuwa na kesi.

Safari ya kwanza, ya kujitambulisha, nilikwenda na baba mdogo. Yeye ni wa Giheta, anafanya biashara ya mbuzi, hakuwahi kwenda ukimbizini, na kwa maneno hana mpinzani. Ni mtu anayeweza kumwuzia mganga wa mifugo mbuzi mgonjwa. Mzee akatukaribisha, tukakaa, akauliza swali lake. Baba mdogo akajibu kwamba sisi ni wa Itaba.

"Itaba naijua," mzee akasema. "Nauliza huko mnakompeleka mwanangu. Atakaa kilima gani?"

Baba mdogo hakukawia. Alinipokonya mkoba, akatoa picha. Ni picha aliyonitumia mdogo wangu, ameandika chini yake "naona hivi nikiwa dirishani", na mimi nilikuwa nimeichapisha kubwa studio Gitega nikaitia fremu, iwe zawadi. Nyumba nyekundu ya mbao, maji ya bluu, na nyuma ya maji kilima cheupe kimejaa fremu nzima.

"Bon, mzee, uliza macho yako," akasema baba mdogo. "Kilima si iyi hapa? Iko mbele ya nyumba yake."

Mzee akaisogeza picha kwenye mwanga. "Kina mgogoro?"

"Mgogoro ya nini? Angalia vizuri. Hakuna hata mutu moja juu yake!"

Kilima kizima, na hakuna mtu juu yake. Kama hujawahi kuishi Burundi hutaelewa utamu wa maneno hayo. Mzee aliivuta pumzi, akaishusha polepole, akaenda kuitundika picha ukutani mwenyewe, juu ya kalenda.

Kabla hujamcheka baba mdogo, mimi pia niliamini. Haki ya Mungu niliamini. Nilijua huko kuna barafu, lakini nilidhani barafu iko kule boti zinakokwenda, na kilima ni kilima. Barafu ninayoijua mimi inakaa kwenye kikombe. Na mdogo wangu, kwa vile kwake lile ni jambo la kila siku, hakuona haja ya kunieleza, kama vile mimi nisivyomweleza kwamba mvua inalowesha.

Siku ya gusaba, ndiyo siku ya kumwomba binti rasmi, ilikuwa mwezi wa saba. Tulitoka Gitega asubuhi na magari mawili, tukapita Karuzi, tukala vumbi mpaka Muyinga, tukala jingine mpaka Butihinda. Baba mdogo alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba njia nzima, na kila kona anabadilisha maneno, mpaka dereva akamwambia, "Mzee, mi nimekubali, nipeni bibi mimi."

Tulikuta uwanja umejaa. Nikadhani ni ndugu. Kumbe wengi walikuwa majirani wa mzee, ameshawatangazia wote juu ya kilima cheupe kisicho na mtu, na wamekuja kukiona. Tulikaa upande huu, wao upande ule, mtungi wa bia ya ndizi katikati na mirija yake mirefu. Baba mdogo na msemaji wao wakaanza kurushiana maneno kama desturi inavyotaka, eti mmepotea njia, eti hapana tumefuata harufu ya maziwa, eti hapa hatuna binti, eti mbona tumemwona akichungulia. Na kweli alikuwa anachungulia! Binti anatakiwa akae ndani mpaka baba yake akubali, lakini pazia lilikuwa halitulii. Watu walicheka, ng'ombe akaahidiwa, kila kitu kikaenda vizuri mno. Mimi nikavua kiatu kimoja chini ya kiti, nimeridhika.

Ndipo mzee akasimama, akasema kabla hajatoa neno angependa kumwona mkwe kwenye simu, na akionyeshe kilima ili jirani zake nao washuhudie.

Simu ilikuwa yangu. Mshereheshaji akaiunganisha na spika zake kubwa, mimi nikasimama nimeinua mkono mahali penye mtandao, kati ya mgomba na jiko. Mdogo wangu akatokea. Suti, tai, meno yote nje. Kule ilikuwa bado asubuhi, ndiyo kwanza amemaliza kuwapa watalii mayai yao, ameomba ruhusa ya saa moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akasalimia kwa heshima, mzee akaitikia, halafu akasema, "Mwanangu, tugeuzie hiyo simu tuone kilima."

Akageuza. Maji. Maji ya bluu mpaka mwisho wa macho, na mashua moja.

"Kilima kiko wapi?" akauliza mzee.

"Kipi, mzee? Ah, kile!" Mdogo wangu akacheka, na spika zikacheka naye. "Kile kilishaondoka. Tangu Jumanne."

Majirani wakageukiana, kisha wote wakamgeukia mzee.

Shangazi wa binti, mfanyabiashara wa vitenge pale Muyinga mjini, mwanamke mwenye sauti ya kuita basi, ndiye aliyepata maneno wa kwanza. "Kilima imeondoka? Imeenda wapi?"

"Kusini, shangazi. Baharini."

"Nani ameifukuza?"

"Hakuna aliyekifukuza, ni maji tu. Huwa vinakuja, vinakaa wiki kadhaa, vinaondoka. Ni barafu."

"Na watu wanafanya nini kikiondoka?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

"Wanakipiga picha, mzee."

Baba mdogo alikuwa amevuta bia wakati huo huo, ikampita njia isiyo yake, akawa anakohoa machozi yanatoka, na msemaji wao, mtu mwema, anampiga mgongoni. Kijana mmoja upande wao akaanza kucheka, akafinywa. Mimi nilikuwa nimeinua mkono vile vile, na kichwani naiona ile fremu yangu.

Mzee hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu, kelele naziweza. Alisema tu, "Mimi nimehamishwa mara tatu. Siwezi kumpeleka mwanangu mahali ambapo hata vilima vinahamishwa." Akachukua fimbo yake, akatoka uwanjani kuelekea kwenye minyaa.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu, ujumbe ukapita juu ya uso wa mdogo wangu. Ni binti, yuko ndani, hatua kumi kutoka nilipo. "Dada, fanya kitu."

Sasa, desturi inasema upande wa mume anaongea msemaji peke yake. Dada wa bwana harusi kazi yake ni kupendeza. Lakini msemaji wetu alikuwa bado anakohoa. Nikaichomoa simu kwenye waya wa spika, nikashika gauni, nikamkimbilia mzee na kiatu kimoja, simu mbele, na njia nzima namfokea mdogo wangu: "We punguani, Jumanne! Kilima kinaondoka Jumanne na leo Jumamosi hujaniambia? Mimi si dada yako? Nimetia fremu barafu!"

"Dada, sikujua mmewaambia ni kilima!"

"Ongea na mzee! Ongea kama ulivyokuwa unaongea na binti yake kwenye karanga zangu!"

Nilipomfikia mzee sikumwomba ruhusa. Nilimsimamishia simu mbele ya uso. Mdogo wangu naye akaanza kukimbia, naona ametoka nje ya hoteli, simu inaruka juu chini, na hapo tukaona kwamba suti iliishia kiunoni. Chini alikuwa na suruali ya jikoni ya vimraba na ndala na soksi. Mzee akaona, nikaona ameona, nikatamani ardhi inimeze. Mdogo wangu akapanda mwamba, akafika kwenye nyumba ya bluu ambapo babu mmoja alikuwa ananing'iniza samaki kwenye fito ili wakauke.

"Mzee, huyu ni jirani yangu," akasema akihema. "Ngoja nimwulize." Akaongea naye lugha ya huko, inatokea kooni, babu akajibu polepole akionyesha mwamba kwa kisu. "Anasema alizaliwa hapa. Baba yake alizaliwa hapa. Babu yake alikuwa anasimama hapa hapa kuangalia barafu zikipita. Anasema tangu wakati huo zimepita nyingi, hakuna mtu anayezikumbuka, lakini wao hawajawahi kutoka." Akaupiga mwamba kwa ndala. "Mzee, huku vilima ndivyo vinavyohama. Watu wanabaki."

Mzee alimwangalia yule babu kwenye kioo cha simu. Yule babu naye akamwangalia mzee, akainua samaki mmoja mkubwa kwa mkia, kama salamu.

"Hebu rudia," mzee akasema.

"Vilima vinahama. Watu wanabaki."

Mwanzo nilidhani amepaliwa kama baba mdogo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha sauti ikatoka, akacheka, akacheka tena, akashika minyaa, akaiachia kwa sababu ya utomvu wake unaowasha, akakaa chini kwenye majani na suti yake ya sherehe. "Mimi," anasema, anajipiga kifua, "mimi miaka yote nimeishi kinyume! Vilima vimetulia, mimi ndiye naondoka! Kumbe ni nchi nimekosea!" Nikaanza kucheka na mimi, sikuweza kujizuia, nikakaa pembeni yake, mguu mmoja peku, na watu waliotufuata wakatukuta hivyo, mzee na dada wa bwana harusi chini ya minyaa, hatuwezi kuongea. Shangazi akauliza kama tumelewa. Mzee akamweleza, naye akapiga ukelele, akageuka akawaeleza walio nyuma, na kicheko kikaenda nyuma mpaka uwanjani, nikasikia hata wapishi.

Binti alikuwa ametoka ndani, hakuna aliyemrudisha. Alisimama nyuma ya shangazi yake na mikono mdomoni.

Mzee akajifuta macho kwa leso. Akanyoosha mkono, akakishika kifundo cha mkono wangu, simu ikiwa bado kiganjani, akaisogeza karibu ili amwone kijana vizuri. Hakuwa anacheka tena.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Nikikupa mwanangu, siku moja utamwambia afunge mizigo? Au na wewe ni mtu wa kubaki?"

Hilo swali lilikuwa la mzee, lakini lilipita kwenye mkono wangu. Macho ya mdogo wangu kwenye simu yalihama kidogo pembeni, ananitafuta, maana alijua nani ameishika, na anajua ninachokisubiri Itaba tangu alipoondoka. Angeweza kusema tutaona. Neno hilo nilimfundisha mwenyewe, na siku ile ningelipokea kwa mikono miwili. Mzee angelisikia pia, na binti asingetoka pale.

Niligeuza simu kidogo, anione. Nikamwitikia kwa kichwa: sema.

"Nitabaki, mzee," akasema.

Mzee akasimama, akamwita binti yake, akamshika mkono. Baba mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza amepata sauti, akapaza kwamba alijua tangu mwanzo. Vigelegele vikapanda, na cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, kilikuwa changu. Shangazi wa binti alipoona machozi akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni furaha, na sikumdanganya. Sehemu kubwa ilikuwa furaha.